Saa ya Sajenti Bernado Iliyogonga Kumi Asubuhi

Jamani vijana, nani aliwaambia kwamba saa inakaangwa? Juzi mmoja wenu, simtaji jina maana mama yake ni jirani yangu hapa Maruku, kaniletea saa ya ukutani ya marehemu babu yake. Nafungua mlango wa nyuma, mafuta ya alizeti yananichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Namuuliza, mwanangu, hii ni nini? Ananijibu bila haya kwamba aliona kwenye simu mzungu anatia saa mafuta. Mzungu yule alitia tone moja kwa ncha ya sindano! Wewe umemwaga kikombe kizima. Nimestaafu miaka mitatu sasa, magoti yananiuma, na bado mnanipandisha presha.

Mmenisumbua sana niwaambie kazi hii nilijifunzaje. Haya. Lakini sianzi mwanzo, maana mwanzo wenyewe ulikuwa kufagia na kutumwa chai, na hakuna mnachoweza kujifunza hapo. Nitawaambia kosa. Nimetengeneza saa pale Bukoba mjini, kibanda changu karibu na soko, miaka thelathini na minane, na makosa yangu mengi yalikuwa ya kuchekesha. Hili moja halikuchekesha hata kidogo. Lilitaka kumvua mzee wa watu akili zake mbele ya ukoo wake, na kibanja chake, shamba lake la migomba na kahawa, kiende nazo.

Ila kabla ya hapo, nisaidieni kuzika maneno haya matatu: "Imesimama yenyewe tu." Kila mteja anasema hivyo. Tangu dunia iumbwe hakuna saa iliyosimama yenyewe. Mama mmoja wa Kashai aliniletea saa ya kabatini akaapa kwa Bikira Maria kwamba imesimama yenyewe tu, waitu, ndugu yetu, hakuna aliyeigusa. Nafungua, harufu ya senene inajaa kibanda chote. Kumbe mumewe alikaanga senene, akayaona yale mafuta yanayobaki kwenye kikaango, akasema yasipotee bure, akainyweshea saa. Siafu walikuwa wameshafika kabla yangu. Mzee mwingine alikuwa anaficha ndani ya saa kahawa yake ya kutafuna ili wageni wasiimalize, na buni mbili zilikuwa zimejibana katikati ya magurudumu. Nilipomwonyesha alizipokea, akazifuta kwa shati, akazitia mdomoni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Swaibu, Mungu amrehemu. Mtu mfupi, mkali, na kanzu yake safi muda wote, ingawa sisi wengine tulikuwa tumepakaa grisi mpaka masikioni. Saa ikiletwa alikuwa ananiamuru, "Mikono nyuma!" Basi nasimama hivyo, mikono nyuma kama mshitakiwa, naisikiliza saa. Naangalia. Nanusa. Ukisogeza kidole tu, unapigwa rula. Jambo la pili alilonifundisha ni kusoma mikwaruzo. Fundi yeyote wa zamani akimaliza kazi alikuwa anakwaruza kwa sindano, ndani ya mlango wa nyuma, herufi yake na alichokifanya. Mzee Swaibu alikuwa anasema, "Soma kwanza. Aliyekutangulia hakuwa mjinga." Nilikuwa nasoma, na ole wangu nisiposoma.

Halafu zikaja saa za betri. Hizo huna cha kusikiliza wala cha kusoma. Unang'oa kidude cha nyuma, unaweka kingine, mteja anaondoka. Nikafanya kazi hiyo miaka na miaka, na masikio yangu yakazoea kulala. Mzee Swaibu alikuwa ameshazeeka, amerudi kwao Muleba, anawatengenezea majirani barazani kwake. Kila nikienda kumsalimia ananiuliza, "Unasoma bado?" Mimi najibu, "Nasoma, mzee." Uongo mtupu.

Sasa njooni kwenye saa yenyewe. Mwaka mmoja baada ya Mzee Swaibu kufariki, aliingia kibandani kwangu mama mmoja, makamo, amebeba mgongoni kitu kilichofungwa kwa kitenge. Nilidhani ni mtoto. Akakishusha taratibu, akafungua, nikaona saa ya mezani, ya mbao nyeusi, ya zamani kweli kweli. Upana wake kama wa mkate mkubwa, uso mweupe, mishale myeusi, na miguu minne ya shaba. Mbele ilikuwa na kibati kimeandikwa: *Sajenti Bernado. Umefanya kazi. Wenzako wa kikosi.*

Yule mama jina lake Adelina, alikuwa ametoka upande wa Rubya, huko huko Muleba. Sajenti Bernado ni baba yake. Alinihadithia kwamba mzee alipostaafu jeshi, wenzake walichanga wamuage. Wengine wakasema apewe mbuzi, wengine suti. Mpishi wa kikosi ndiye aliyesema, mbuzi ataliwa na suti itachakaa, huyu mtu ametuamsha kwa wakati miaka yote, tumpe saa. Wakaitafuta mpaka wakaipata kwenye nyumba moja ya zamani iliyokuwa ikiuza vyombo vyake. Sajenti aliibeba kwenye treni na kwenye meli akiwa ameipakata, na tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuitia ufunguo.

"Imekuwaje?" nikamuuliza.

"Imesimama yenyewe tu, waitu."

 Nikaufungua mlango wa nyuma, nikaona ni vumbi na mafuta yaliyoganda, kazi ya siku tatu. Nikaigusa timazi ikacheza, nikasogeza mshale mrefu mpaka juu, mfupi ukaingia kwenye tisa, yaani saa tatu yetu. Saa ikagonga. Ting, ting, ting. Tatu, ikanyamaza.

Hapa nisikilizeni, hili ndilo lenyewe. Saa za aina ile hazigongi kwa kuangalia mishale. Ndani kuna gurudumu lenye mapengo pembeni, na kidole cha chuma kinatembea juu yake. Kidole kikidumbukia kwenye pengo, nyundo inanyamaza. Gurudumu linajua tu lilichogonga mara ya mwisho: limegonga tatu, saa ijayo litagonga nne, basi. Mishale ikiwa popote, lenyewe halina habari. Ndiyo maana saa kama hizo zikisimama na kuwashwa ovyo hupoteza hesabu, mishale ikasema hivi na kengele ikasema vile. Kuirekebisha ni rahisi mno. Unainua kidole kile, inagonga inayofuata, unainua tena, mpaka kengele na mishale vikutane.

Mimi nikasema moyoni, ahaa, hesabu imepotea. Nikaisafisha saa ile mpaka ikang'aa, nikaiunganisha, kisha nikailinganisha: mshale kwenye tisa, kengele tisa. Safi. Nilipokuwa naufunga mlango wa nyuma niliona mikwaruzo midogo ndani yake. Miwani yangu ilikuwa mezani, hatua mbili tu. Sikwenda kuichukua. Adelina aliporudi nikamwambia kwa kiburi, "Na kengele ilikuwa inagonga kijinga, hiyo nimekurekebishia bure kabisa."

Yesu na Maria. Tisa na tatu! Tofauti yake ni sita kamili! Mtoto yeyote wa hapa, hata asiyejua kuvaa viatu, anajua sita hiyo inatoka wapi. Mshale uko tisa, mdomo unasema tatu, ndivyo tunavyosoma saa tangu kuzaliwa. Kengele ile ilikuwa inagonga Kiswahili, na mimi, mtu mzima, fundi wa miaka yote ile, nikaona ni ubovu. Mpaka leo nikikumbuka natamani kujipiga kofi.

Zikapita kama wiki tatu, simu ikaita. Adelina. "Shikamoo fundi. Tangu saa irudi, baba amebadilika."

"Amebadilikaje?"

"Anadai chakula cha jioni asubuhi. Redio ikisema saa nne anaigombeza, anasema inadanganya watu. Jana alikaa mlangoni ananisubiri niingize mbuzi, na mbuzi ndiyo kwanza nawatoa."

Nikachoka. Mnajua kuna wateja ambao wakijikwaa jiwe wanampigia fundi? Nikamwambia, "Mwanangu, saa haimpi mtu wazimu. Hebu iangalie na simu yako, zinalingana?"

"Zinalingana kabisa."

"Basi saa ni nzima. Mpeleke mzee hospitali, Rubya si hapo hapo?"

"Tumempeleka. Wanasema hana ugonjwa wowote, labda ni uzee."

"Ndiyo hivyo, ni uzee. Wote tunaelekea huko." Nikakata simu, nikaendelea kunywa chai yangu.

Mara ya pili alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi langu akalia. Ndipo nikajua kilichokuwa kinaendelea. Adelina aliachika, akarudi nyumbani, na miaka yote hiyo yeye ndiye anayepogoa migomba, anayechuma kahawa, anayempikia baba yake. Mzee alikuwa ametangaza kwamba kibanja atamwandikia yeye. Kaka yake, Deo, anaishi Mwanza. Aliposikia hivyo akapanda basi siku hiyo hiyo. Kibanja cha ukoo apewe mtoto wa kike? Kwa mila zetu jambo hilo peke yake lingetosha kuitisha kikao. Deo hakutaka hata kulumbana na mila. Alisema jambo fupi: baba hana akili tena, hajui asubuhi wala jioni, hivyo neno lake si neno. Kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi, na kikiamua mzee amechanganyikiwa, Deo ndiye angeshika kila kitu. Alikuwa ameshamleta mtu wa kupima eneo la barabarani.

"Na wewe unaonaje?" nikamuuliza. "Baba yako akili zimemruka?"

Adelina alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Sijui, fundi. Juzi aliniuliza, hivi bado niko hai kweli? Hajawahi kuongea hivyo."

Akaniomba niende Jumamosi. Deo alikuwa anasema wazee wasije wakasingizia saa mbovu, kwa hiyo fundi mwenyewe aje athibitishe. Kwa hiyo ndugu wote wawili walinitaka, kila mmoja kwa sababu yake. Nikakubali kwa kununa, maana Jumamosi ndiyo siku ya wateja, na nikamwambia hivyo hivyo.

Nilifika Jumamosi kama saa tatu na nusu asubuhi. Nyumba safi, ya bati, migomba imeizunguka pande zote, na sebuleni wametandika nyasi mbichi kama ilivyo desturi. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa, sahani ya kahawa inazunguka. Mkubwa wao, Mzee Kristiani, aliongoza. Saa ilikuwa juu ya kabati, inatembea vizuri sana, nami nikajisikia fahari. Sajenti Bernado alikaa kwenye kiti chini ya kabati lile, mgongo umenyooka, koti limefungwa vifungo vyote. Nilipomsalimia alinigeuzia uso akanikazia macho, nikadhani ananitazama.

Deo aliongea vizuri, sitamsingizia. Hakutukana. Alieleza habari za chakula, za redio, za mbuzi. Adelina alipoulizwa kama ni kweli, aliinamisha kichwa akasema ni kweli. Halafu Deo akanigeukia. "Fundi yupo hapa. Fundi, hii saa ni mbovu?"

Na mimi, mpumbavu, nikasimama. "Saa ni nzima kabisa. Nimeitengeneza kwa mikono yangu. Linganisheni na simu zenu."

Wazee wakatoa simu, wakaangalia, wakaitikia kwa vichwa. Saa nne kasoro dakika moja. Nikakaa chini nimeridhika, nikatia kahawa mdomoni. Ikafika saa nne, saa ikaanza kugonga.

Niliuona mkono wa Sajenti. Kidole chake kilikuwa kinagonga gotini, polepole, kila kengele pigo moja. Nyuso nyingine zote zilikuwa zinaangalia simu au zinatafuna. Hakuna aliyekuwa anahesabu, yeye peke yake.

Deo akainama mbele yake, kwa upole kabisa. "Tata, sasa hivi ni saa ngapi?"

"Imegonga kumi," akajibu Sajenti.

"Mmesikia wenyewe," Deo akasema. Mzee mmoja akaguna kwa mshangao wa Kihaya, "Mawe!" Mwingine akatazama nyasi. Mzee Kristiani akavua kofia, akaisugua sugua mapajani. Adelina akatoka nje.

 Imegonga kumi. Hakusema ni saa kumi! Alisema imegonga kumi, na kweli ilikuwa imegonga kumi, mara kumi, na mimi ndiye niliyeifanya igonge kumi. Nikainuka, nikaenda kabatini, nikafungua mlango wa nyuma, na safari hii nikavaa miwani. Mwandiko niliujua kabla sijamaliza kusoma. Rula ya mwenye mwandiko ule naijua kwa maumivu yake. Kwa herufi ndogo kabisa Mzee Swaibu alikuwa amekwaruza: *Bernado haoni mishale. Saa moja igonge moja. Usibadili. Ni siri yake.*

Nyie, nisikilizeni.  Kumbe yule mzee alikuwa kipofu. Alikuwa hajamwambia mtu, hata binti yake anayeishi naye nyumba moja. Kengele ikigonga, anahesabu, anainua uso kuelekea kabatini, anatangaza saa, na watu wote wanaamini ameiona. Mimi nikaja na ujuzi wangu wa bure nikamvunjia fimbo yake. Na siri ilikuwa yake, wala haikuwa yangu ya kuitangaza.

Nikasema, "Wazee wangu, nisameheni. Nimesema uongo. Kengele ya saa hii ina kosa, na kosa ni langu."

Deo akashangaa. "Kosa gani? Mishale si inasema saa nne? Kengele hata ikigonga mia, si angeangalia mishale? Macho anayo."

Ningejibu nini? Nilisimama pale mlango wa saa uko wazi mkononi mwangu, namtazama Sajenti. Ningenyamaza, kibanja kinaondoka. Ningesema, namvua nguo mbele ya ukoo wake wote. 

"Macho yapi, Deo?" akasema Sajenti.

Nyuso zote zikamgeukia.

"Macho yapi? Mwaka wa nne huu sioni. Mwanzo niliona ukungu, halafu mwanga tu, sasa hata mwanga hakuna. Migomba naijua kwa mkono. Njia ya chooni naijua kwa hatua. Saa nilikuwa nasikia. Nilinyamaza kwa sababu namjua binadamu: ukisema huoni, kesho watakusemea, keshokutwa watakugawia mali yako ukiwa umekaa." Akaelekeza kidole kabatini. "Saa iliporudi ikaanza kugonga nisivyoelewa. Ndege wa asubuhi wanalia, nayo inagonga kumi. Nikamwita Adelina, nikamwambia hebu angalia saa, iko sawa? Akaniambia baba, iko sawa kabisa. Kama saa iko sawa, mbovu ni nani? Nikajua ni mimi. Wiki tano nimekaa kwenye kiti hiki nikiamini nimekuwa mwendawazimu."

Adelina alikuwa amesimama mlangoni. "Tata," akasema, "miaka minne? Mimi nakupa sahani, nakusomea barua, na hukuniambia?"

 Adelina alikuja akapiga magoti kwenye nyasi, akamshika baba yake uso kwa mikono miwili, akayaangalia yale macho kwa karibu kama anatafuta kitu, na akalia mpaka wazee wakageuza nyuso zao pembeni. Hata mimi nililia, na sioni aibu kuwaambia.

Deo ndiye aliyeongea kwanza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tutajuaje kwamba si maneno ya kutengenezwa?"

"Fundi," akasema Sajenti, "irudishe."

Nikaingiza kidole nikainua kile kidole cha chuma. Sasa mjue, gurudumu lile haliwezi kuruka. Lazima lipite kila saa, na katikati linagonga moja ya nusu saa. Kwa hiyo ukoo mzima ulikaa ukasikiliza. Ikagonga moja, ikagonga kumi na moja. Moja tena, kumi na mbili.  Mzee Kristiani alianza kuhesabu kwa midomo, kisha jirani yake, na ilipofika mbili nusu ya wazee walikuwa wanahesabu kwa sauti kama watoto wa shule. Tatu. Moja ya nusu. Halafu nikainua mara ya mwisho. Ting. Ting. Ting. Ting.

Sajenti aliinua uso kuelekea kabatini. "Saa nne," akasema. "Saa nne asubuhi na dakika zake, maana mmeshanipotezea muda. Umande umekauka. Deo, yule mtu wako wa kupima ardhi uliyemweka nje kwenye jua, mwambie aende zake. Adelina, andika."

Hakuna aliyebisha. Mila ya mtoto wa kike ingeweza kubishaniwa mpaka jua lizame, nami nilitegemea hivyo, lakini Mzee Kristiani alisema tu kwamba wamekuja kupima akili ya Bernado, wameipima, na wenye upungufu ni waliokuwa na macho. Karatasi ikaandikwa. Mzee akaongozwa dole gumba kwenye wino, na aliyemshika mkono kumwongoza alikuwa Deo. Baba yake akaupapasa mkono wa Deo mara mbili kwa ule mwingine.

Basi nikafikiri nimepona. Nikafunga mlango wa saa, nikakusanya vifaa, nikaenda kuaga. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea, sajenti anajua kutukana. Alinishika mkono akaung'ang'ania.

"Fundi, siku uliyoipokea, mshale ulikuwa wapi?"

"Kwenye tisa, waitu."

"Ikagonga ngapi?"

"Tatu."

"Ukamuuliza nani kwa nini inagonga tatu?"

Nilimtazama Adelina. Yeye ndiye aliyeileta saa mgongoni kutoka Rubya mpaka Bukoba, alikaa mbele yangu kwenye benchi, na angenipelekea swali langu kwa baba yake.

"Sikumuuliza mtu," nikasema.

Akaniachia mkono. Nilikuwa na miaka sitini na minne siku ile, na nikarudi kabatini, nikatoa sindano, nikakwaruza chini ya mwandiko wa Mzee Swaibu: *Uliza kwanza.*